Mke Aliyepotea Akiwa Ndani

Uvumi wenyewe ulimfika Zuwena akiwa ameinamisha kichwa, anasukwa, kwa hiyo hata kukimbia asingeweza. Dada Mwajabu, msusi wa watu wote wa kwetu wanaoishi Rasmia, alichomoa kitana mdomoni, akavuta nywele kwa nguvu, akasema:

"Mwenzangu, umesikia? Viza ya mwenza ni ya kiwiliwili kimoja."

"Kimoja vipi?"

"Kimoja tu. Ukishika mimba mmekuwa wawili, umezidisha. Kuna mwenzetu kasimamishwa uwanja wa ndege, kapandishwa kwenye mizani. Wakamwambia, bibi, uliingia mmoja, mbona unatoka mmoja na robo?"

"Ikawaje?"

"Wakamruhusu yule mmoja. Robo wakaizuia."

Zuwena akacheka, kama mtu anavyocheka akitaka jambo liwe mzaha. Lakini kicheko hakikufika tumboni, maana tumboni tayari kulikuwa na mtu. Hakuwa amemwambia yeyote ila mumewe, kwa sababu kwao mimba changa haitangazwi, macho ya watu yana mambo. Sasa tena likaja na hili la mizani. Tangu siku hiyo uvumi ule ukawa unamfuata kama kuku aliyezoea mtama. Akienda sokoni, muuza nyanya akiweka kilo kwenye mizani, yeye anashika tumbo. Akipanda lifti, ile sauti ikisema mzigo umezidi, yeye ndiye wa kwanza kushuka.

Tusiwaonee watu wa Rasmia, jamani. Ni nchi nzuri na safi, yenye haki tele, ila haki zenyewe zinafunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya chakula cha mchana. Barabarani havuki mtu mpaka taa imruhusu, na njiwa wanaoruka bila kibali husomewa onyo kwa kipaza sauti. Wenyewe hawaitani majina, wanaitana vyeo, kwa heshima. Aliyekaa dirisha la nne la Wizara ya Wageni na Wenza anaitwa Dirisha la Nne. Inasemekana hata mkewe anamwita hivyo, na siku ya harusi yao shehe wao alimuuliza bibi harusi, je, unamkubali Dirisha la Nne, akajibu ndiyo, ila lisifungwe mapema.

Mume wa Zuwena, Mfaume, alikuwa fundi wa viyoyozi. Rasmia walimwita kwa mkataba, kwa kuwa maafisa wao hupata joto sana wakifikiri. Naye alipotulia akamwita mkewe kwa viza ya mwenza. Viza ile ilimruhusu Zuwena kupika, kufua, kumpenda mumewe siku za kazi, na kuonekana mwenye furaha akipita ubalozini. Kufanya kazi hakuruhusiwa. Kuugua aliruhusiwa, ila atoe taarifa mapema.

*

Uvumi ulipomzidi akajifunga kibwebwe, akaenda Wizarani kuuliza. Akafika dirishani na ujanja wake wa kikwetu.

"Shikamoo."

"Salamu zinapokelewa dirisha la pili," akajibu Dirisha la Nne, bwana mnene mwenye tai fupi na kalamu tatu mfukoni.

"Samahani. Nina rafiki yangu. Yeye ni mjamzito, mimi hapana. Amesikia kwamba mnapima watu."

Dirisha la Nne akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amkasirikie vizuri.

"Bibi, uvumi huo ni tusi kwa Jamhuri. Rasmia haijawahi kumpima mjamzito, haimpimi, na haitampima. Sisi ni waungwana. Kwa mujibu wa sheria zetu, mimba ni mzigo wa mkononi. Maadamu unaubeba mwenyewe, hautuhusu. Siku mzigo utakaposhuka na kuanza kupumua, hapo utakuwa msafiri, na msafiri ana utaratibu wake."

"Utaratibu gani?"

"Utaelezwa baada ya kuukiuka."

"Basi nimwambie afanye nini huyo rafiki yangu?"

Dirisha la Nne akachungulia chini ya kioo. "Mwambie akae kwenye kiti. Miguu imemvimba."

*

Mtoto akazaliwa salama, msichana, mwenye nywele nyingi na sauti ya mnadi samaki. Hospitali ya Rasmia haina doa, na wauguzi ni wapole mpaka unatamani kuzaa tena. Ila kila chumba cha kujifungulia kina kituo cha mpaka. Kabla mtoto hajafutwa, akaja Afisa Mpaka wa Wodi na meza yake ya kukunja, akaifungua baina ya mama na mwana.

"Jina la msafiri?"

"Tunu binti Mfaume," akasema Mfaume, machozi yanamtiririka.

"Ametokea wapi?"

Zuwena, jasho bado halijamkauka, akamtazama. "Kaka, wewe si ulikuwepo?"

"Najaza tu. Sababu ya safari?"

Tunu akaangua kilio. Afisa akasikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akaandika: *Msafiri ametoa maelezo marefu yasiyotosheleza.*

"Ana tiketi ya kurudi alikotoka?"

"Huko hakurudiki," akasema Zuwena. "Huko kwa sasa pamefungwa."

Muuguzi akakohoa, akageukia dirisha. Afisa akafikiri sana, kisha akamgongea Tunu mhuri wa mtalii, mtalii asiye na mizigo, na kumtakia mapumziko mema katika fukwe za Rasmia. Halafu akasimama wima, maana sehemu iliyofuata ilikuwa ya kusomwa kwa kusimama.

"Ili mtalii huyu abadilishwe kuwa mtoto, wazazi mtafanyiwa ukaguzi wa ndoa. Kibali cha mtoto kinashikiliwa na viza ya mke. Mke akithibitika kuwa yupo, mtoto anakuwa mtoto wake. Mke akikosekana, Jamhuri itamshika mtoto mpaka mke apatikane."

Zuwena akamwangalia mumewe. "Nitakosekanaje na mimi nipo?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Mfaume, wakacheka wote wawili. Hapo ndipo walipokosea. Rasmia ukicheka jambo, huandikwa kuwa umeridhia.

*

Jioni ileile mama yake Zuwena, Bi Nuru, akapiga simu kutoka nyumbani. Baada ya vigelegele, dua, na maswali kuhusu choo cha mtoto, akaomba apewe mkwewe.

"Mfaume, mwanangu."

"Naam, mama."

"Sasa umekuwa baba wa watu. Nisije nikasikia unamwita mwenzio kwa jina lake, kama unaita mbuzi zizini. Amekuzalia. Ana heshima yake."

"Nimekusikia, mama. Halitatoka kinywani mwangu."

Na kweli halikutoka. Mfaume ni mtu wa ahadi. Tangu saa ile Zuwena akawa Mama Tunu. Mwajabu akamwita Mama Tunu, majirani wa kwetu wakamwita Mama Tunu, hata yule mwenye duka la unga, Mrasmia wa ghorofa ya chini, akajifunza kusema Mama Tunu na kuona fahari. Mwenyewe Zuwena alilipenda jina lile kama kanga mpya, likiitwa tu anatabasamu. Kila mtu akalijua. Ila hakuna aliyekumbuka kuiambia viza.

Mkaguzi wa Ndoa akaja arobaini bado haijatoka. Sote tunajua mzazi haonekani ovyo kabla ya arobaini. Zuwena alikuwa chumbani na mwanawe, tumbo limefungwa, mlango umerudishiwa. Mfaume yuko kazini. Mwajabu, aliyejitolea kumlea mzazi, ndiye aliyefungua, mkononi ana ndoo ya maji yanayofuka moshi.

"Naitwa Mkaguzi wa Ndoa. Nimekuja kumwona Zuwena."

"Karibu, baba, ila hapa Zuwena hakuna tena," akasema Mwajabu kwa furaha zote. "Huyo ndiyo basi. Siku hizi tuna Mama Tunu."

Mkaguzi akatoa kalamu taratibu. "Zuwena ameisha lini?"

"Siku ileile mtoto alipozaliwa."

"Mume anajua?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Na huyu Mama Tunu analala wapi?"

"Chumbani kwa Mfaume. Ulitaka alale jikoni?"

Mkaguzi akalegeza tai. Macho yake yakaangukia ndoo. "Hayo maji ya moto ni ya nini?"

"Ya kumkanda. Tunamkanda asubuhi na jioni, tunamnywesha uji wa pilipili manga. Akipiga kelele tunazidisha, ndiyo dawa."

"Naomba kumwona."

"Wewe? Mwanamume? Mzazi hajatoka arobaini?" Mwajabu akaweka ndoo chini ili apate mkono wa kushika kiuno. "Baba, kwenu hakuna wakubwa?"

Kutoka chumbani Zuwena akasikia mlango ukifungwa. "Nani huyo, dada?"

"Mgonjwa wa macho. Anatafuta watu wasiokuwepo. Geuka nikukande mgongo."

*

Arobaini ilipotoka Zuwena akavaa vizuri, akamfunika Tunu kwa kitambaa cheupe, akatoka nje kumwonyesha mtoto jua. Akajikuta ukutani.

Picha yake ilikuwa ukutani pale, na kwenye nguzo ya taa, na kwenye mlango wa basi, na kwenye mfuko wa mkate. Ilikuwa ile picha ya viza. Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: ANATAFUTWA MKE. Chini yake: *Mara ya mwisho alionekana akiwa na mzigo wa mkononi.* Redio ya dukani ilikuwa ikitangaza kwamba Waziri ameunda Kamati ya Kumtafuta Zuwena, na kwamba Kamati imesafiri kwenda pwani kumtafuta kwenye hoteli, kwa kuwa huko ndiko Kamati zote huanzia.

Bibi mmoja wa Kirasmia, mwenye kofia na uchungu wa nchi yake, akamshika mkono. "Binti, umemwona huyu? Masikini. Tazama uso wake, uso wa mtu anayelala."

"Bibi, huyu ni mimi."

Bibi akatazama picha, akamtazama Zuwena, macho mekundu, mashavu yamejaa, bega limelowa maziwa. Akampapasa mkono kwa huruma. "Pole, mwanangu. Huzuni hutufanya tuseme mengi."

Zuwena akajitoa mkononi mwake. Akampigia simu Mfaume, Mwajabu akaja mbio na kitana bado kimemnasa kichwani, wakaenda Wizarani wote watatu, na Tunu wa nne. Foleni ya watu wa kwetu ilikuwa ndefu hadi nje, na wote waliwapisha, maana kila mtu alitaka kusikia.

"Mimi ndiye Zuwena," akasema dirishani. "Sijapotea. Pasi yangu hii."

Dirisha la Nne akaipokea pasi kwa ncha za vidole. "Pasi hii ni ya marehemu mtarajiwa. Swali ni wewe umeipata wapi."

"Ni yangu."

"Tabasamu kama kwenye picha."

Akajaribu. Midomo ilikwenda, macho yakagoma.

"Unaona? Huyu wa kwenye picha anatabasamu bila kushurutishwa." Akafungua taarifa ya Mkaguzi, akaisoma kwa sauti ya msiba. "Zuwena aliisha siku ya uzazi. Mume ndiye aliyeanza. Nafasi yake ikachukuliwa na mwanamke aitwaye Mama Tunu, ambaye Jamhuri haina viza yake, wala mizani yake. Sasa, Bwana Mfaume. Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Ni Mama Tunu," akasema Mfaume, ulimi ukiwa umeshazoea.

Foleni ikaguna. Zuwena akamkanyaga.

"Na mkeo anaitwa nani?"

"Si ndiye huyu."

"Jina."

"Mwenzangu."

"Jina, bwana."

"Wa nyumbani kwangu." Jasho likaanza kumtoka Mfaume, fundi wa viyoyozi, ndani ya ukumbi wenye baridi aliyoifunga mwenyewe. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu wa kwao wote, wakubwa kwa wadogo, na mbele ya macho yake kulikuwa na Bi Nuru na yule mbuzi wake wa zizini. Akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Sema, shemeji," Mwajabu akamnong'oneza. "Ni jina, si bomu."

"Mama," akasema Mfaume, akameza mate, "Tunu."

"Wewe baba," Mwajabu akamgeukia Dirisha la Nne, "mama yako alikupa jina gani?"

"Swali hilo ni la dirisha la saba."

"Kumbe nawe hujulikani. Mbona wewe hawakutafuti?"

Watu wakacheka, na Dirisha la Nne akasimama. Rasmia afisa akisimama ujue anahutubia.

"Wananchi na wageni. Jamhuri ina moyo wa mzazi. Haiwezi kuvumilia kuona kichanga mikononi mwa mwanamke asiyekuwepo, huku mama yake halali akiwa hayupo. Kwa hiyo Jamhuri inamchukua mtoto, inamhifadhi kwenye kabati lenye hewa, na itamkabidhi kwa Zuwena pindi Zuwena atakapojitokeza. Mama Tunu ataondoka kwa ndege ya kesho. Kiti cha dirishani, kwa hisani yetu." Akakaa. "Mpitishe mtoto hapo chini ya kioo."

Ile nafasi ya chini ya kioo ilikuwa ya kupitisha karatasi. Zuwena akaitazama. Akamkaza Tunu kifuani.

"Hapiti," akasema.

"Mlaze kwa upana."

"Nimesema hapiti."

Dirisha la Nne akashauriana na Dirisha la Tano. Wakakubaliana kwamba mtoto ndiye aliyezidi kipimo, si dirisha. Hata hivyo, kwa wema wao, wakafungua kijimlango cha pembeni kinachotumika kuingizia chai. Mkono ukatoka, na saa nzuri, na kucha zilizokatwa vizuri, ukashika pindo la kitambaa cheupe, ukavuta.

Tunu akalia. Zuwena akamkumbatia na kurudi nyuma, lakini mkono ule ulikuwa umezoea kuvuta vitu kutoka kwa watu. Kitambaa kikakaza.

"Zuwena," sauti ikapasua ukumbi, "usimwachie. Zuwena, shika mtoto."

Ilikuwa sauti ya Mfaume. Alikuwa ameshauparamia ukingo wa dirisha, mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwenye tai fupi ya Jamhuri, na jina la mkewe linamtoka mbele ya foleni nzima, mara ya tatu, mara ya nne, bila mama mkwe, bila mbuzi, bila haya.

"Abee," akaitika Zuwena.

Hakufikiri. Mwanamke wa kwetu akiitwa huitika, hata nyumba ikiwa inaungua.

Mkono ukaachia. Dirisha la Nne, shati limechomoka, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Mtu ni yule anayeitika. Kifungu cha kwanza kabisa. Huwa hatukifikii." Akainua uso, machozi yanamlenga. "Amepatikana. Ndugu wananchi, Zuwena amepatikana, na amepatikana hapa hapa, kwenye dirisha langu."

Basi ikawa shangwe. Madirisha yote yakafunguliwa hata yale yaliyokufa zamani. Mihuri ikagongwa kwa furaha, mingine hewani. Tunu akabadilishwa kutoka mtalii kuwa mtoto, akapewa na bendera ndogo ya kunyonya. Kamati ikapigiwa simu pwani irudi, ikaomba siku chache zaidi ili ithibitishe kwamba kweli huko hayupo. Dirisha la Nne akamshika Zuwena mkono kupitia kijimlango cha chai, akamwambia Jamhuri haikulala kwa ajili yake.

"Hata mimi," akasema Zuwena.

"Sasa tusaidie jambo moja." Akashusha sauti. "Yule Mama Tunu. Alikuwa amesimama hapo hapo ulipo wewe, sasa hivi. Ameponyoka."

Zuwena akamtazama Mfaume. Mfaume akatazama kiyoyozi.

"Alikuwa mkali?" Zuwena akauliza.

"Mkali sana. Alikataa kutoa mtoto."

"Basi msimfuate," akasema Zuwena. "Atawaumiza."

Kesho yake picha mpya zikabandikwa mji mzima, za mwanamke mwenye macho mekundu na bega lililolowa. Mpaka leo wanamtafuta. Nyumbani, Mfaume humwita mkewe Mama Tunu kwa kunong'ona tu, pazia likiwa limefungwa, na mwenyewe huitika kwa kunong'ona, na inasemekana mapenzi yao yamezidi.

*

Mama unayejiandaa kumfuata mume Rasmia, au nchi yoyote iliyopakana nayo, epuka haya:

Usiende kuuliza jambo kwa kumsingizia rafiki. Tumbo linajibu kabla yako.

Usipige picha ya viza ukiwa umelala vizuri. Hutafanana nayo tena.

Usicheke afisa akisoma.

Usimwache rafiki afungue mlango kabla hamjapatana cha kusema, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda.

Usikandwe mgongo siku ya ukaguzi.

Usiache jina lako liozee ndani. Mwambie mumeo alitaje mara moja moja mbele za watu, heshima itabaki palepale.

Usimpe mtoto wako mtu yeyote aliye nyuma ya kioo, hata akisema ni kwa dakika moja.